WIMBO MWEPESI SI DHAMBI

Wahenga walinena kwamba penye wengi pana mengi. Ukitaka kuyaamini maneno yao, wakalishe pamoja mashabiki wa bendi moja ya muziki, kisha waulize ni albamu gani iliyo bora kuliko zote. Watakavyozozana, utadhani umewauliza nani atarithi shamba la babu.

Haya si mambo ya kuhadithiwa. Mjomba wangu ni fundi wa redio na simu, na kila jioni nikitoka shuleni mimi hupitia kibandani kwake kabla ya kwenda nyumbani. Chini ya meza yake kuna sanduku la diski za zamani, nyingi zikiwa za muziki wa roki kutoka ng'ambo. Yeye na mwenzake wa kazi ni chanda na pete. Wanakula sahani moja na wanakopeshana pesa bila kuandikiana. Lakini itajwe bendi ya Kimarekani iitwayo Weezer, basi! Urafiki unawekwa kando kwanza.

"Hawa jamaa walituuza," mwenzake husema. "Walikuwa wanaimba mambo ya moyoni, halafu wakaanza kutuimbia nyimbo za watoto wa nasari."

"Kwani wewe unataka mtu alie kila siku ndiyo ujue ana moyo?" Mjomba humjibu. "Wimbo ni wa kuimbwa, bwana!"

Nimewasikiliza kwa miaka miwili sasa. Mwanzoni nilikuwa nikicheka tu. Baadaye nikaona kwamba ubishi wao unanihusu mimi, na unakihusu hata chama chetu hiki cha Kiswahili. Ndiyo sababu nimeishika kalamu.

Najua baadhi yenu mnajiuliza Weezer ni mnyama gani. Huenda mmeisikia bila kujua. Mwaka wa 2018 bendi hii iliuimba upya ule wimbo wa Toto wa mwaka 1982 uitwao "Africa", ambao hutaja Kilimanjaro na Serengeti. Lakini kisa chenyewe ni cha zamani zaidi, na ni lazima nikisimulie kidogo ili twende pamoja.

Weezer ilianzishwa mjini Los Angeles mwaka wa 1992. Kiongozi wake, Rivers Cuomo, ndiye mwimbaji, mpiga gita na mtunzi wa karibu nyimbo zote. Albamu ya kwanza ilitoka Mei 1994. Haikupewa jina lolote ila jina la bendi. Kwa kuwa jaladani mna picha ya vijana wanne waliosimama mbele ya rangi ya buluu tupu, watu wakaiita Albamu ya Buluu. Aliyeitayarisha ni Ric Ocasek, aliyekuwa mwimbaji wa bendi ya The Cars. Magita yalinguruma kama radi, lakini ndani ya ngurumo hizo mlikuwa na mahadhi matamu ambayo hata mtu asiyejua kuimba angeyashika. Nyimbo kama "Buddy Holly" na "Say It Ain't So" zilipendwa kupita kiasi. Video ya "Buddy Holly" ilitiwa hata katika diski ya programu ya kompyuta ya Windows 95, kwa hivyo ikaonekana na watu ambao hawakuwa na habari na muziki wa roki. Ama kweli nyota njema huonekana asubuhi.

Lakini mchana wa nyota hiyo ulikuja na mawingu. Cuomo alizaliwa na mguu mmoja mfupi kuliko mwingine. Mwaka wa 1995 alifanyiwa upasuaji ili mguu huo urefushwe, ukafungwa vyuma vilivyomtia uchungu mwingi. Mwaka uo huo aliingia Chuo Kikuu cha Harvard. Hebu fikiria: mtu ambaye nyimbo zake zinavuma redioni anachechemea chuoni peke yake, hana wa kumwambia maumivu yake. Katika hali hiyo ndipo alipotunga nyimbo nyingi za albamu ya pili, "Pinkerton", iliyotoka Septemba 1996. Jina hilo alilitoa katika opera ya Puccini iitwayo "Madama Butterfly". Pinkerton ni yule afisa wa jeshi la majini la Marekani anayemwoa msichana wa Kijapani kisha akamtelekeza.

Katika albamu hii Cuomo hakujificha hata kidogo. Aliimba upweke wake, tamaa zake na aibu zake. Kuna hata wimbo alioutunga kwa sababu ya barua aliyoandikiwa na shabiki msichana kutoka Japani. Bendi iliitayarisha albamu yenyewe, bila Ocasek, na sauti zake zinakwaruza masikio. Mara ya kwanza Mjomba aliponichezea nilidhani diski imeharibika.

Je, watu waliipokea vipi? Lakini wapi! Mauzo yalikuwa hafifu yakilinganishwa na yale ya albamu ya kwanza. Wasomaji wa jarida la Rolling Stone waliipigia kura kuwa ya tatu kwa ubaya miongoni mwa albamu za mwaka 1996. Hebu jiulize, msomaji, ungekuwa wewe ungefanyaje? Umewapa watu siri za moyo wako, nao wanakujibu kwamba zinanuka.

Cuomo alinyamaza. Matt Sharp, mpiga gita la besi, aliondoka katika bendi mwaka wa 1998. Cuomo mwenyewe alijifungia katika nyumba moja mjini Los Angeles, akapaka kuta rangi nyeusi na kuyaziba madirisha asione jua.

Kumbe huku nje mambo yalikuwa yakigeuka polepole! Vijana walikuwa wakipashana habari za "Pinkerton", mmoja akimsikilizisha mwenziwe. Kila aliyekuwa na upweke wake aliona kwamba hatimaye amepatikana mtu anayeusema. Bendi iliporudi jukwaani mwaka wa 2000, katika ziara iitwayo Warped Tour, ilipokewa kwa shangwe ambayo haikutarajiwa. Mashabiki hawa wapya walikuwa wakingoja kitu kimoja tu: ndugu yake "Pinkerton".

Mnamo tarehe 15 Mei 2001 albamu ya tatu ikatoka. Jaladani, wanaume wanne wamesimama mbele ya rangi ya kijani tupu. Jina la albamu ni jina la bendi, kama ile ya kwanza. Mtayarishaji ni Ric Ocasek, kama ile ya kwanza. Nyimbo ni kumi, na zote kwa jumla hazifiki dakika 29. Kipindi chetu kimoja darasani ni dakika 40. Ungeisikiliza Albamu ya Kijani yote, na mwalimu bado angekuwa na wakati wa kutosha wa kukuuliza maswali. Karibu kila wimbo unaenda vile vile: ubeti, kiitikio, ubeti, kiitikio, kisha gita likiachwa lipige peke yake linarudia mahadhi yale yale ya ubeti, halafu kiitikio tena na kwaheri. Maneno ni mepesi. Siri za moyoni hazipo. (Wimbo wa kwanza kutolewa redioni jina lake sitalitaja hapa, kwa kuwaheshimu walimu wangu.)

Hapo ndipo mashabiki walipogawanyika, na mpaka leo hawajapatana. Mwezi wa Desemba 2018, kipindi cha vichekesho cha runinga ya Marekani, Saturday Night Live, kiliigiza watu wawili wakiharibu karamu ya chakula kwa kugombana juu ya Weezer: mmoja akidai kwamba bendi ilikwisha baada ya "Pinkerton", mwingine akizitetea albamu zilizofuata. Mjomba aliponionyesha mchezo huo katika simu yake, nilimwambia, "Mjomba, hawa ni nyinyi wawili!" Alicheka, mwenzake akanuna.

Sasa tuzipime hoja za pande zote mbili bila kupendelea.

Upande wa kwanza unasema kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wanadai kuwa Cuomo alijua wazi anachokifanya. Wanakumbusha kwamba alikuwa na daftari ambamo alizichambua nyimbo za bendi kama Nirvana, Green Day na Oasis, akitafuta siri ya wimbo unaopendwa, kama mwanafunzi anayechambua karatasi za mitihani iliyopita ili ajue swali litakalokuja. Wanauliza: huo ni usanii au ni biashara? Hoja hii si ya kupuuzwa. Mimi mwenyewe nimeisikiliza Albamu ya Kijani mara nyingi, na nakubali kwamba huwezi kumjua aliyeitunga. Ni kama kumwamkia mtu, akakujibu "marahaba" na kupita zake.

Upande wa pili unasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wanakumbusha kwamba Albamu ya Kijani iliingia katika nafasi ya 4 kwenye orodha ya albamu za Marekani, ilhali ile ya kwanza haikupita nafasi ya 16 na "Pinkerton" haikupita ya 19. Wanautaja wimbo "Island in the Sun", ambao nusura uachwe nje ya albamu, na ni Ocasek aliyesisitiza utiwe. Leo hii wimbo huo ni miongoni mwa zile zinazojulikana zaidi za bendi hiyo. Mtoto mdogo ataushika, na mzee atautikisia kichwa.

Je, mimi nasimama wapi? Nasimama na Mjomba, ingawa si kwa kila neno. Sababu zangu ni hizi.

Kwanza, wepesi wa kuimba si wepesi wa kutunga. Sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili tunalijua hili vizuri sana. Ni nani kati yetu hajawahi kujaribu kutunga shairi la tarbia lenye vina na mizani kamili, akabaki kutafuna kalamu usiku kucha akitafuta neno moja la silabi mbili linaloishia kwa "-ma"? Msikilizaji akilisikia shairi hilo huliona rahisi kama maji. Hajui lilikutoa jasho kiasi gani. Kulifanya daftari la kuzichambua nyimbo za wengine kuwa hatia ni makosa makubwa. Mbona sisi tukizichambua tungo za malenga walimu hutupa alama?

Pili, kurudi ulikotoka si lazima kuwe ni kushindwa. Katika kijitabu cha Albamu ya Kijani mmechapishwa maneno ya Verdi, yule mtunzi mkuu wa opera wa Italia, yenye maana kwamba tukirudi kwenye mambo ya kale, huko kutakuwa ndiko kuendelea. Wazee wetu nao walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Cuomo alikuwa ameanguka. Mtu aliyeanguka hushika kwanza kile anachojua hakitavunjika. Alirudi kwa mtayarishaji wake wa zamani, kwa jalada la rangi tupu na kwa nyimbo fupi za kuimbika, akasimama tena. Lau hangefanya hivyo, huenda leo hatungekuwa na bendi ya kubishania.

Tatu, si kweli kwamba albamu hiyo haina moyo. Mwezi Julai 1997, madada waliokuwa wakikiongoza chama cha mashabiki wa Weezer walifariki katika ajali ya gari walipokuwa wakisafiri kuifuata bendi katika ziara yake. Albamu ya Kijani ilitolewa kwa kumbukumbu yao. Kwa hivyo ile albamu ambayo watu wanasema ni ya vicheko vitupu ilitengenezwa na watu waliokuwa na msiba. Mwenye kovu usidhani kapoa. Pengine anayekuimbia wimbo wa jua na kisiwa hana nguvu za kukuimbia wimbo mwingine kwa wakati huo.

Nne, na hili nalisema kwa uchungu, sisi wasikilizaji tunajipenda mno. Cuomo alipotoa siri zake mwaka 1996, watu walimcheka. Alipozificha mwaka 2001, wakamlaumu kwa kuzificha. Alitakiwa afanye nini? Tunataka msanii aumie kila mwaka ili sisi tupate wimbo wa kuliwazia shida zetu. Huo si upendo, jamani.

Hapa sasa ndipo ninapoachana na Mjomba. Yeye husema Cuomo hakukosa lolote. Mimi nasema alikosa, lakini kosa lake halimo katika Albamu ya Kijani. Mwaka wa 2001, alipokuwa akihojiwa, aliikana "Pinkerton". Aliiita mbaya kupindukia. Alisema ilikuwa kama mtu aliyelewa karamuni akamwaga siri zake zote mbele za watu, akajiona shujaa, kisha asubuhi akaamka na kugundua alivyojiaibisha. Wale vijana waliokuwa wameishika albamu hiyo katika usiku wao wa upweke waliyasikia maneno hayo kutoka kinywani mwake.

Labda utaniuliza, kosa liko wapi? Si albamu ni yake? Kukujibu, itanibidi niseme jambo langu mwenyewe, ambalo sikuwa na nia ya kulisema.

Nilipokuwa kidato cha kwanza nilisoma shairi huru katika mkutano wa chama hiki, Ijumaa alasiri, bwaloni. Lilimhusu baba yangu, ambaye wakati huo alikuwa amepoteza kazi. Alikuwa akitoka alfajiri kutafuta kibarua na kurudi jioni mikono mitupu. Tukiketi kula alikuwa akisema ameshiba, kwamba amekula huko huko mjini. Niliandika kwamba kinywa cha baba kilisema ameshiba lakini tumbo lake lilikataa kusema uongo, likanguruma tukalisikia sote. Nilipofika hapo, bwalo zima likaangua kicheko. Siwalaumu sana; tumbo likinguruma ni jambo la kuchekesha. Lakini kuanzia siku hiyo nilipewa jina, nanyi mlionipa mnalijua. Niliitwa jina hilo uwanjani, njiani na hata mbele ya baba mwenyewe siku ya wazazi.

Kwa mwaka mzima sikusoma kitu chamani. Nilipokuwa kidato cha pili nikarudi na shairi la githeri ya shule: tarbia, vina safi, mizaha mitupu, jinsi mahindi yalivyo mengi na maharagwe yalivyo ya kuhesabika. Mlipiga makofi mpaka madirisha yakatikisika. Nilituzwa kamusi. Tangu wakati huo nimewaandikia la chaki, la kengele na la paka wa jikoni, na yote mmeyapenda. Nami nayapenda pia, msidhani nawadanganya.

Muhula uliopita, dada mmoja wa kidato cha nne alinifuata langoni jioni tukienda nyumbani. Alikuwa na daftari. Akalifungua, nikaona shairi langu la baba limeandikwa humo kwa hati nzuri, mstari kwa mstari. Alikuwa ameliomba kwa mwalimu mlezi na kulinakili.

"Kwa nini uliacha kuandika kama hili?" akaniuliza.

Unajua nilimjibu nini, msomaji? Nilimwambia, "Achana na hilo. Hilo lilikuwa upuuzi."

Alilifunga daftari polepole. Akasema, "Basi sawa," akaenda zake. Sikujua kilichokuwa kwao nyumbani, wala mpaka leo sijamwuliza. Nilichojua ni kwamba nimemnyang'anya kitu.

Jioni hiyo nilipofika kibandani, Mjomba na mwenzake walikuwa katika ubishi wao wa kila siku. Kwa mara ya kwanza nikamwelewa yule mwenzake. Ninavyoamini mimi, kinachomchoma hasa si kwamba Cuomo aliimba nyimbo nyepesi. Ni kwamba alikuwa ameshika kitu kwa mikono miwili, na mwenye kitu hicho akamwambia ni takataka.

Kwa hakika, hapo ndipo mashabiki wengi wanapochanganya mambo. Wanaushambulia wepesi, na wepesi hauna hatia. Ungewezaje kuwa na hatia wimbo unaomfanya mtu afurahi kwa dakika tatu? Shairi langu la githeri halikumdhuru yeyote. Aliyedhuru ni mimi, siku nilipofungua kinywa langoni. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, walisema wazee. Nami naongeza kwamba usilitukane hata lile ulilokwisha kulizaa, kwa maana huenda kuna anayelilea.

Fauka ya hayo, wakati ni hakimu mzuri kuliko kura za mwaka mmoja. Mwaka wa 2002 wasomaji wa Rolling Stone, jarida lile lile, waliichagua "Pinkerton" kuwa ya 16 kwa ubora miongoni mwa albamu za nyakati zote. Mwaka wa 2004 jarida lenyewe likaipa nyota tano. Mwaka wa 2016, miaka ishirini baada ya kutolewa, ilitunukiwa cheti cha platinamu nchini Marekani. Cuomo naye akabadilika. Mwaka wa 2010 bendi ilifanya ziara iliyoitwa Memories, ambapo walipiga Albamu ya Buluu nzima usiku mmoja, na usiku uliofuata wakapiga "Pinkerton" nzima, mji baada ya mji. Yaani ile nyepesi na ile nzito, zote zikatoka kwa mikono ile ile bila kuonewa haya.

Nikiitazama habari hiyo naona kwamba hilo ndilo suluhisho la ubishi huu. Si lazima bendi ichague kati ya kufurahisha na kuungama. Kuna siku ya hili na siku ya lile. Kinachotakiwa ni msanii asiikane kazi yake, na sisi wasikilizaji tusimfukuze kwa kicheko anapojifunua, wala kwa matusi anapojifunika.

Kabla sijaweka kalamu chini, nina maombi matatu.

Kwenu wanachama wenzangu: mtu akisoma shairi jepesi la kuchekesha, mpigieni makofi bila kumwambia kwamba hana kina. Na mtu akisoma la moyoni, hata likiwa na neno la kuchekesha ndani yake, ngojeni amalize.

Kwa walimu wetu wapendwa: mnapotoa zawadi mwaka huu, tafadhalini msiangalie makofi peke yake. Makofi ya mwaka 2001 yalikuwa ya haki, lakini kicheko cha mwaka 1996 hakikuwa cha haki, na vyote viwili vilitoka kwa umati.

Na kwako dada wa kidato cha nne mwenye lile daftari: unafanya mtihani wako wa mwisho mwaka huu, na huenda tusionane tena. Lile halikuwa upuuzi. Niliogopa tu. Nimemwomba mwalimu mlezi nafasi mbili katika mkutano wa mwisho wa muhula. Nitasoma la githeri, kisha nitasoma la baba, lote, pamoja na pale tumbo linaponguruma. Ukiweza kuja, njoo na daftari lako, maana mimi nakala yangu niliichoma.

Yangu ni hayo tu. Mwenye macho haambiwi tazama.

Mwanachama, Kidato cha 3